Jina la Kuoteshwa

Rubya, Muleba
Ijumaa, 13 Juni 2025

Dada yangu Vestina,

Tumsifu Yesu Kristo.

Sasa hivi Mujuni ametumbukiza mkono wote kwenye sufuria la uji, akautoa, akautazama kama vile si wa kwake, halafu akampaka paka wa jirani, Mama Benigna, uso mzima. Paka amekaa palepale anajilamba, na huyu mwanetu anampigia makofi. Uji ulikuwa umepoa, usiogope. Nimecheka mpaka nimesahau kumkanya.

Naandika kwa sababu simu yangu bado imekufa tangu huyuhuyu aitie kwenye ndoo, na ya Baba Mujuni sitaki kuitumia kwa jambo hili. Alistidia atakuletea barua hii akija na ndizi zake sokoni. Ukimjibu, mpe yeye.

Dada, jana imetokea kitu. Ilikuwa Alhamisi ya sala ya jumuiya na zamu ilikuwa ya kwetu. Nilitandika nyasi mbichi sebuleni tangu asubuhi, nikapika kahawa. Tulipokuwa tunasubiri watu watimie, gari likasimama barabarani, akashuka Evarist Kahangwa. Nadhani unamjua, ni yule anayetaka ubunge, ana nyumba huko huko kwenu Kibeta. Kazaliwa upande huu lakini hakuna anayekumbuka kumwona tangu aondoke. Aliingia na rozari mkononi, akakataa kiti, akakaa chini na sisi. Mwenyekiti wa jumuiya kwa heshima akamwomba aongoze rozari.

Akaongoza vizuri, ana sauti. Ila ilikuwa Alhamisi na yeye akaanza Matendo ya Furaha. Nikamwona Mama Benigna anafumbua jicho moja. Siku hizi Alhamisi ni ya Matendo ya Mwanga, hata watoto wa Komunyo ya kwanza wanajua. Tukamfuata hivyo hivyo.

Tulipomaliza akabaki amefumba macho. Sisi tukadhani anasali. Ndipo akasema, bila kumtazama mtu, "Katika nyumba hii kuna mtoto mdogo hajabatizwa, na jina lake liko tayari. Nimeoteshwa. Anaitwa Pankrasi."

Dada, nilitaka kuangusha birika. Jina hilo nilikuwa sijamwambia mtu. Hata Baba Mujuni hajui, kwa sababu niliogopa baba mkwe wangu atataka la kwake, nikasema nitalitoa siku ikikaribia. Wewe tu nilikuandikia wakati wa Pasaka, kwamba nataka mtoto achukue jina la tata, baba yetu. Sasa mtu ambaye hajawahi kukanyaga kibanja chetu analitamka mbele ya jumuiya nzima.

Baba Mujuni akanigeukia akaniuliza ni kweli? Nikaitikia kwa kichwa. Watu wakaanza kufanya ishara ya msalaba. Mheshimiwa akasema basi, ikiwa Mungu amemwonyesha mtoto, si bure, anaomba awe baba yake wa ubatizo. Na mume wangu akasema ndiyo kabla sijameza mate. Ubatizo ni Jumapili tarehe 13 mwezi ujao. Tulikuwa tumeshamwomba Rugemalira, rafiki wa Baba Mujuni, yule anayesali na sisi kila wiki na watoto wake wote nyuma kama vifaranga. Alikuwa amekaa hapo hapo mlangoni. Sikuthubutu kumtazama.

Walipoondoka Mama Benigna alibaki kunisaidia vikombe, akasema mwaka wa kura wakubwa wote huwa wanaota, na wakishapata usingizi wao unakuwa mzito. Nikacheka. Lakini moyoni, dada, nafikiri mengine. Mimi tata sikumwona nikiwa na akili, alifariki nikiwa natambaa, na mama naye hakukaa, akamfuata. Wewe ndiye uliyenilea ukiniambia habari zake. Je, kama kweli amepita kwa mtu huyu kutusalimu? Naogopa kuamini na naogopa kutoamini.

Nijibu. Wewe uko karibu naye, umewahi kumwona kanisani?

Mdogo wako,
Kokushubila


Kibeta, Bukoba
Jumanne, 17 Juni 2025

Mdogo wangu Kokushubila,

Milele amina.

Barua imefika, Alistidia aliniletea mpaka kibandani Rwamishenye nikiwa na mteja. Niliisoma nimesimama. Huyo paka mwoneeni huruma.

Nimeanza kushona nguo nyeupe ya Mujuni. Nipimie mabega kwa kamba, ufunge fundo, umpe Alistidia hiyo kamba. Usinitumie kwa kukisia kama mara ile ya sweta.

Kuhusu huyo mtu, mimi sina la kusema. Ni mtu mkubwa, na watu wakubwa unawaona gari tu. Kanisani kuna misa nyingi, huwezi kujua nani anasali ipi. Jirani yangu hapa dukani, Salma, ndiye amemwona kwa karibu. Anasema alikuja kwenye hitima ya marehemu mama wa Salma, amevaa kanzu na kofia, akakaa mkekani, akasema bibi yake alikuwa Mwislamu. Lakini Salma anapenda masihara, usibebe maneno yake.

Mambo ya ndoto mimi si padri. Ninachosema, usikimbilie. Msimamizi wa ubatizo si shangazi wa harusi wa kusema atakuja siku moja akaondoka. Rugemalira ana ubaya gani? Kama mlishamwomba, mngemwacha abaki.

Na jina la tata usiendelee kulisema sema huko. Liache mpaka siku yenyewe.

Shemeji yako Rutaihwa anakusalimu. Amepata kazi katika ofisi moja hapa mjini, tunamshukuru Mungu, ulikuwa unajua alivyokaa muda mrefu bila kitu. Sasa anatoka asubuhi amenyoosha shati. Hata kuongea kwake kumebadilika.

Busu kwa Mujuni.

Dada yako,
Vestina


Rubya
Jumanne, 24 Juni 2025

Dada Vestina,

Tumsifu Yesu Kristo.

Kamba ya mabega hiyo. Nilipompima alidhani ni mchezo, akawa anainama kama mzee, nimepima mara nyingi ndipo nikaamini.

Nimefurahi sana kwa shemeji. Mwambie nimepiga magoti nikashukuru. Hukusema ni ofisi ya nini.

Huku hakuna maneno mengine. Ukienda kisimani ni ndoto, ukienda kusaga ni ndoto. Wako wanaosema Kahangwa ni mtu wa Mungu, kwamba alisoma seminari akaacha kwa ugonjwa. Wengine wanasema aliacha kwa sababu nyingine. Kijana wa dukani alisema kama Mungu ndiye anayempigia kampeni basi asihangaike na mabango. Wakagombana mpaka mwenye duka akafunga mlango.

Baba Mujuni yeye amekwisha kumpenda. Ameambiwa atakuwa mratibu wa vijana wa kata, na kwamba maji ya bomba yataanzia upande wetu. Kamala, mume wangu, si mtu mbaya, unamjua, ila amezoea kupitwa. Mtu akimwita kwa jina mbele za watu, anamfuata. Alikwenda mwenyewe kumwambia Rugemalira kwamba tumebadilisha. Rugemalira akajibu, sawa ndugu yangu, mtoto ni wenu. Kesho yake asubuhi tulimkuta kwenye kahawa yetu anachuma, kwa sababu ilikuwa siku yetu ya kusaidiana na yeye alikuwa ameahidi. Nilimpelekea maji nikarudi haraka jikoni.

Sasa nisikilize. Mama Benigna ameniweka chini kama mtoto. Akaniuliza jina hilo nani alilijua? Nikamwambia mimi na dada yangu. Akasema, "Basi mwulize dada yako kwanza, Mungu utamwuliza baadaye." Nilikasirika. Nikamwambia dada yangu si mtu wa kupeleka maneno, na huyo mheshimiwa hamjui. Akasema yeye hasemi kitu, yeye ana mvi tu, ameona wabunge wengi, na kila mmoja alipokuja kuomba kura alikuwa Mkatoliki kuliko Paroko.

Usikasirike. Nauliza ili nimjibu. Je, kuna mtu ulimwambia? Ukiniandikia kwamba hukumwambia mtu, nitaamini hapo hapo, na nadhani nitafurahi kuliko siku niliyojifungua. Maana itakuwa ni kweli tata amemjua mtoto wangu.

Mdogo wako anayekupenda,
Kokushubila


Kibeta
Ijumaa, 27 Juni 2025

Kokushubila,

Milele amina.

Unaniuliza kama polisi. Mimi ndiye niliyekufundisha kuandika hata hilo jina unaloniulizia.

Sikumwambia mtu wa nje.

Nguo iko karibu kuisha. Nimeweka kola ndogo na vifungo vya nyuma ili asivitafune. Mwambie Mama Benigna asalimie mvi zake.

Ila narudia, mwacheni Rugemalira asimame. Ukitaka nikuombe nakuomba. Mtu aliyeachwa na bado akaja kuchuma kahawa yenu, mnatafuta nini tena? Huyo mwingine akishapata au akikosa hamtamwona. Mtoto akiugua utampigia nani?

Usinijibu kwa hasira.

Vestina


Rubya
Jumamosi, 5 Julai 2025

Dada,

Tumsifu Yesu Kristo.

Nguo imefika. Nilimjaribisha, akawa anatembea kwa kushika ukuta huku anajitazama tumbo. Vifungo vya nyuma vimemshinda, sasa anatafuna kola.

Nisamehe kwa swali lile. Nilimpelekea Mama Benigna jibu lako nikamsomea, hukumwambia mtu wa nje. Yeye akaguna tu. Nikaona ni wivu wa uzee. Na wewe pia, nikuambie ukweli, niliona kama hutaki Mujuni apate mtu mkubwa. Nikakununia siku nzima, halafu nguo ikaja.

Sasa nikuambie nilichofanya. Juzi Kahangwa alikuja tena, akahutubia pale kwenye uwanja wa kigango baada ya misa ya asubuhi. Kabla ya maneno yoyote akasema Tumsifu Yesu Kristo, watu wakaitikia, lakini si kwa nguvu kama mara ya kwanza. Nyuma yangu mwanamke mmoja akasema, leo ameota nani? Wengine wakaziba midomo na kanga.

Mimi nilikuwa na jambo langu. Nimekaa nalo wiki zote. Nilimsubiri mpaka akafika kwenye gari, nikamsogelea na mtoto mgongoni. Walinzi wake walitaka kunizuia, akasema mwacheni, huyu ni mama wa mwanangu. Nikamwambia, mheshimiwa, mimi baba yangu simkumbuki uso. Kama ulionyeshwa, naomba uniambie alikuwaje.

Akanishika mkono. Akanitazama kwa huruma kabisa, dada, macho yake yalilegea. Akasema, "Ni mzee mwenye mvi, ameshika mkongojo, uso wake umejaa amani. Aliniambia, mwambie binti yangu nimemwona mjukuu."

Nililia pale pale barabarani. Nikamshukuru. Nilikuwa natembea kurudi nyumbani naona kama miguu haigusi chini.

Nilipofika kwenye migomba yetu ndipo nikaanza kufikiri. Wewe uliniambia tata alifariki kijana. Uliniambia alikuwa anaruka mfereji na mkungu wa ndizi kichwani, watu wakimshangilia. Sasa mkongojo ni wa nini? Nikasema labda huko mbinguni watu wanaendelea kuzeeka, kwamba tata amekuwa anakua na sisi, na angekuwepo leo angekuwa na mvi kweli. Nikaona ni wazo zuri. Nikamwuliza katekista kwa kuzunguka, kana kwamba ni swali la mafundisho, je, mbinguni watu wanazeeka? Akacheka akasema mama Mujuni, mbinguni hakuna anayechechemea.

Baba Mujuni anasema niache kuchokonoa mambo ya Mungu.

Wewe ulimwona tata kwa macho. Labda alikuwa na mvi za mapema, kuna watu wanazo tangu utoto. Labda aliwahi kuumia mguu akashika fimbo siku moja. Jaribu kukumbuka. Hata siku moja tu, dada, itanitosha.

Kokushubila


Kibeta
Jumatano, 9 Julai 2025

Kokushubila mwana wa tata,

Tata hakuwa na mvi hata moja. Hakushika mkongojo hata siku aliyougua, alikwenda Rubya hospitali kwa miguu yake akakataa kubebwa. Alikuwa mwembamba, mrefu, na sikio la kushoto lilikuwa na kovu la panga tangu utoto. Meno ya mbele yalikuwa na mwanya kama wako. Akiimba kanisani watu wa mbele walikuwa wanageuka, kwa sababu alikuwa anaimba vibaya na kwa nguvu. Wewe alikuwa anakuweka kwenye kikapu cha kahawa, anakutikisa, unacheka mpaka unapata kwikwi. Huyo ndiye baba yako. Mkumbuke huyo.

Mimi ndiye niliyesema jina.

Barua yako ya Pasaka ilipokuja nilifurahi, nikamwambia Rutaihwa tukiwa tunakula. Akasema jina zuri, akaniuliza tena linatamkwaje. Niliona ananisikiliza, nikafurahi zaidi. Sikumhesabu kuwa mtu wa nje, ndiyo maana nilikuandikia vile, na nilijua ninavyoandika.

Ofisi aliyopata kazi ni ya Kahangwa. Kazi yake ni kutangulia kwa simu. Anauliza nani amefiwa, nani ana mgonjwa, nani amejifungua, ili mkubwa akifika awe ameshaonyeshwa. Barua yako ya kwanza, nilipomaliza kuisoma pale kibandani, nilikaa chini. Jioni nilimwuliza Rutaihwa. Hakukataa. Akasema kila mgombea anafanya, hatuibi kitu cha mtu, tena mtoto anapata baba. Nikamwambia ni jina la baba yangu. Akasema mbona tunakula?

Kweli tunakula. Ndicho kilichonifunga mdomo. Ulimwona alivyokuwa akikaa kitandani mchana kutwa, amegeukia ukuta. Nikaona nikisema ninamrudisha pale. Nikadhani nitakuvuta polepole umrudie Rugemalira na usijue kitu. Lakini umeniandikia nikumbuke hata siku moja tu ya mkongojo. Nimeshindwa.

Mujuni si peke yake. Kuna mtoto huko Nshamba na mwingine huko Kamachumu, wote ameoteshwa majina yao. Na Salma hakuwa anafanya masihara. Aliambiwa marehemu mama yake amemjia Kahangwa ndotoni akashukuru kwa hitima. Alipogundua mume wangu ndiye aliyeuliza habari za msiba wao, alinijia dukani akasema, "Vestina, mngeniomba kura tu. Mama yangu mlimtaka wa nini?" Tangu siku hiyo anapita mbele ya kibanda changu kama hakuna mtu.

Ukisimama ukasema haya huko, Rutaihwa atafukuzwa siku hiyo hiyo. Sikuombi umfiche. Nimekwisha kuomba vya kutosha. Fanya kama unavyoona kwa mtoto wako.

Vestina


Rubya
Jumapili, 13 Julai 2025, asubuhi

Dada Vestina,

Mujuni ameshaoga, amekaa kwenye nyasi na nguo yake nyeupe, nimemfunga kitambaa shingoni ili aingie kanisani ikiwa bado nyeupe. Alistidia anapita baada ya misa ya kwanza kuelekea Bukoba, nataka akuletee hii, kwa hiyo naandika haraka haraka, usiangalie mwandiko.

Barua yako niliisomea jikoni. Ndizi ziliungua mpaka Mama Benigna akaingia kwa moshi. Sikumwonyesha. Nilikuchukia, dada, sitakudanganya. Nilifikiri nikuandikie maneno mabaya, nikayapanga yote kichwani. Halafu nikarudi pale kwenye kikapu cha kahawa. Nikasoma tena pale. Nikaenda ghalani nikachukua kikapu, nikamweka Mujuni ndani nikamtikisa. Alicheka mpaka akapata kwikwi. Sijakusamehe yote, lakini kwa hilo nimekusamehe.

Nilimpa Baba Mujuni barua aisome mwenyewe. Aliisoma taratibu, unajua hasomi haraka, akatoka akaenda kwenye migomba akakaa huko. Aliporudi akaniuliza, kwa hiyo hata kidogo hakuota? Nikamwona kama mtoto aliyenyang'anywa kitu. Nikamwambia hata kidogo. Akaanza kusema kwamba watu wamealikwa, kwamba gari litakuja kutuchukua, kwamba huyu mtu akipita kwenye kura tutakutana naye kwa uso gani. Nikamwambia akitaka kura aje aniombe kura, nitamsikiliza kama ninavyowasikiliza wengine, maji nayataka hata mimi. Lakini asije na baba yangu mkononi. Jana asubuhi alikwenda kwa Rugemalira. Sijui walisemezana nini. Alirudi akaniambia Rugemalira amesema atakuja, hata tukimwacha tena mlangoni atakuja, maana shati ameshalinyoosha.

Mwenyekiti wa jumuiya tulimwambia kwamba mtoto atasimamiwa na mtu anayesali na sisi. Akauliza sababu. Nikasema ndiyo hiyo. Akanitazama, nadhani alikuwa anaisubiri, akasema atamweleza Paroko.

Kuhusu shemeji, sikusema. Mama Benigna alinisukuma sana nitoe sababu. Alisema nina njia nyepesi, niseme na mimi nimeoteshwa, kwamba tata amenijia akataja Rugemalira, nani atanibishia? Alikuwa anacheka lakini alikuwa hatanii. Dada, nilijaribiwa. Ingeisha hapo hapo, Kahangwa asingekuwa na jibu, na Rutaihwa angebaki na kazi yake bila mtu kumuuliza. Nikakataa. Nikishasema hivyo na mimi nimemtumia tata. Na siku mwanangu atakayoniuliza baba yake wa ubatizo alipatikanaje, nitamwambia aliota nani?

Kwa hiyo nitasema tu sitaki. Bila ndoto, na bila kumtaja mtu. Akitaka kujua kwa nini, na akamgeukia Rutaihwa, hilo sitaweza kulizuia, na ninaumia kwa ajili yako. Shemeji akirudi kukaa kitandani, mje wote wawili huku wakati huu wa kahawa, mikono inatakiwa. Kamala amesema hivyo, si mimi.

Jina nimelibakiza. Nilitaka kulibadilisha kwa hasira, nikaona hapana, ni la tata, hakuliota huyo mheshimiwa. Ataitwa Pankrasi.

Na wewe nenda kwa Salma. Usisubiri apite. Nenda kabla hajafungua duka, usiseme mengi.

Gari limefika. Nasikia anasalimia uani, Tumsifu Yesu Kristo, na watu wachache wanaitikia. Rugemalira yuko pale tangu mapema, amekaa kwenye kigogo na watoto wake. Mama Benigna amejiweka njiani kabisa na kiti chake, kama mtu aliyekuja kuangalia mpira. Nachungulia dirishani. Baba Mujuni amemwendea, amevua kofia, anaikunja kunja. Anasema kitu kwa sauti ndogo. Kahangwa anacheka, anamshika bega, anasema kwamba Mungu alichokiunganisha, ndugu yangu, sisi hatuwezi kukitenganisha. Baba Mujuni anatikisa kichwa. Dada, anatikisa kichwa. Sijawahi kumwona anamkatalia mtu mwenye gari.

Sasa Kahangwa hacheki. Anauliza ni nani amemwambia maneno. Anasema nani ametia shaka katika nyumba ya sala, anataka amsikie mama wa mtoto kwa mdomo wake. Watu wote wamegeuka kutazama mlango. Mujuni ameinuka kwenye nyasi anakwenda kwao na nguo yake nyeupe, na Rugemalira amemwahi, amembeba, amemfuta magoti.

Baba Mujuni ananiita. Natoka, dada. Maneno ninayo, nitasimama pale pale mlangoni nimwambie mheshimiwa, baba yangu alikuwa kijana, alikuwa na kovu sikioni, na wewe hukumwona, kwa hiyo mtoto wangu atasimamiwa na Rugemalira.